Tope la Sebeya na Klorini ya Gihira

Mvua ikinyesha usiku kwenye vilima vya Rutsiro nchini Rwanda, mto Sebeya huamka na rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo hushuka jirani na Nyakiriba, yakaingia mtambo wa Gihira, na baada ya kusafishwa yakafuata mabomba hadi mji wa Gisenyi.

Wengi hudhani kinga ya maji hayo ni klorini. Klorini ni mlango wa mwisho, na tope ndilo linaloushinda: vijidudu hujificha ndani ya chembe za udongo, huku mabaki ya majani na samadi yakiila dawa kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo shabu hutangulia. Chembe hugandamana, zikawa nzito, zikatua. Zilizosalia huzuiwa na mchanga. Kipimo cha shabu hakikaririki. Fundi hujaza vyombo kadhaa maji yale yale, akatia kila kimoja kiasi tofauti, akakoroga, akangoja aone kipi kinatakata mapema. Mto ukibadilika kabla ya adhuhuri, anaanza upya.

Klorini inayobaki bombani nayo ni mlinzi. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapokinga ndoo. Ikishuka ghafla, huenda kuna kilichoingia: pengine bomba limepasuka mtaroni, pengine mtu amefungua tangi kwa nia mbaya. Kipimo ni kile kile kwa ajali na kwa hujuma, nami naona hapo ndipo penye thamani yake.

Lakini kazi kubwa iko juu vilimani. Msitu wa Gishwati ulifyekwa ukabaki kipande, udongo ukakosa wa kuushika. Mradi uliopata msaada wa Uholanzi ulileta matuta ya ngazi mashambani na mianzi kingoni mwa mto. Havikutosha: usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, na Gihira yenyewe ikavamiwa na maji.

Mkulima wa Rutsiro huiona mvua kabla ya fundi. Akipewa namba ya simu ya mtambo, Gihira inaweza kufunga lango la kuingizia maji, tope kali likapita kuelekea Ziwa Kivu, na mji ukanywa yaliyokwisha kusafishwa tangini.