Ujasiri Bila Mali: Uhakiki wa Yanayoandikwa Kuhusu Wajasiriamali Wanawake wa Kikurdi

Maandishi mengi kuhusu wanawake wafanyabiashara wa Kurdistan ya Iraq hufuata njia moja: huanza na vita, hupitia mila, kisha hudai mafunzo zaidi. Naona njia hiyo inamtwika mwanamke mzigo usio wake.

Neno letu lenyewe, mjasiriamali, limebeba jasiri na mali, na ni rahisi kudhani kwamba anayeshindwa amepungukiwa na ujasiri. Lakini watazame wajane wa Anfal. Mwaka 1988 serikali ya Saddam Hussein iliwachukua na kuwaua makumi ya maelfu ya Wakurdi, wengi wakiwa wanaume wa vijijini. Wake zao walifanya vibarua mashambani na kulea watoto huku wakinyoshewa vidole kwa kutoka nje. Kwa miaka mingi hapakuwa na miili ya kuzika, hivyo hawakuhesabiwa wake wala wajane. Nani awafundishe hao ujasiri? Walichokosa ni mali.

Benki hudai dhamana, ilhali nyumba na ardhi mara nyingi zimeandikwa kwa jina la baba, mume au kaka. Binti hurithi nusu ya fungu la kaka yake, na hata nusu hiyo huenda akaombwa aiache ili undugu usivunjike. (Huku kwetu Rwanda sheria ya mwaka 1999 ilimpa binti haki sawa ya kurithi. Ugomvi wa mashamba haujaisha, ila ana kifungu cha kwenda nacho mahakamani.)

Hata maneno "baada ya vita" nayatilia shaka. Vyama viwili vikuu vya Wakurdi vilipigana miaka ya 1990. Mwaka 2014 Baghdad ilikata fungu la bajeti, ISIS ikavamia Sinjar, na mishahara ya serikali ikakaa miezi bila kulipwa. Kwa kuwa familia nyingi hutegemea mishahara hiyo, mwenye saluni wa Sulaymaniyah alipoteza wateja bila kosa lake. Baada ya kura ya maoni ya Septemba 2017, safari za ndege za kimataifa zilizuiwa hadi Machi 2018.

Sikatai kwamba mila zipo, na kwamba kusafiri peke yake kufuata bidhaa bado humletea mwanamke maneno. Lakini mwandishi anayezitaja mila peke yake ameisamehe benki, bunge na hazina, na kwa mshonaji amebakiza cherehani na cheti cha mafunzo.