Bakuli Lisilo na Meno

Eskaveta ya tani 14 ilikuwa imeegeshwa pembeni mwa shamba, bakuli lake limelazwa chini kama kiganja. Nililitazama bakuli lile kabla ya kitu kingine chochote. Mengi niliyowahi kuyaona nyumbani yana meno ya chuma, maana kazi yake ni kung'oa. Hili halikuwa nayo. Ukingo wake ulinyooka kutoka upande hadi upande, karibu meta 2, nao ulikuwa umesuguliwa na udongo hadi ukang'aa kama jembe lililolimiwa misimu mingi. Bakuli lenye meno huacha michirizi ardhini, na michirizi hiyo hukivuruga kile kinachotafutwa.

Kilichotafutwa ni madoa. Tulikuwa katika kijiji kimoja cha Cambridgeshire, mashariki mwa Uingereza, kwenye shamba la hekta 4 ambako nyumba mpya zilitarajiwa kujengwa. Huko, anayetaka kujenga anaweza kutakiwa, kabla hajaanza msingi, agharamie uchunguzi wa kilichomo ardhini. Utaratibu huo ulipata nguvu mwaka 1990, serikali ilipotoa mwongozo kuhusu akiolojia na vibali vya ujenzi. Mwaka mmoja kabla yake, jijini London, mabaki ya ukumbi wa Rose, ambamo tamthilia za Shakespeare ziliigizwa angali hai, yalikuwa yameibuka katika kiwanja cha jengo la ofisi, na watu wakasimama kuyatetea yasiharibiwe.

Shamba zima halichimbuliwi kwa kubahatisha. Kwanza hupigwa mitaro ya majaribio. Hapa ilikuwa 20, kila mmoja urefu wa meta 50 na upana wa meta 2, imetawanywa na kuelekezwa pande mbalimbali ili handaki la kale, lipite vyovyote lipitavyo, likutane angalau na mtaro mmoja. Ukijumlisha, hiyo ni asilimia 5 ya shamba. Asilimia 95 inabaki imelala, na uamuzi juu yake utategemea hiyo 5. Nilipoifanya hesabu hiyo kichwani ndipo nikaelewa kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka.

Kiongozi wa kazi, mwanamke wa makamo mwenye kizibao cha rangi ya chungwa kilichopauka mabegani, alitembea juu ya kila mstari na kifaa cha kusaka nyaya na mabomba, hatua kwa hatua, kama fundi cherehani aliyeletewa kitambaa kisicho na cha kufidia. Aliporidhika, akampungia mkono dereva.

Dereva alikuwa mzee mkimya. Udongo wa juu, mweusi na wenye mizizi ya nyasi, aliutoa na kuulundika kushoto. Uliofuata ulikuwa wa kahawia, mgumu kidogo. Huo aliuweka kulia. Malundo hayo mawili hayakuchanganywa siku zote nilizokuwapo, kwa sababu kila udongo utarudi mahali pake. Kutoka hapo bakuli halikuchimba tena, lilikwangua. Kila mkwaruzo uliondoa sentimeta chache tu. Kiongozi alisimama pale asipofikiwa na mkono wa mtambo, macho yake yakifuata mahali ukingo wa chuma ulipokuwa ukiachana na ardhi. Akiinua kiganja, mtambo ulinyamaa. Akiteremsha vidole viwili, bakuli lilishuka kiasi cha unene wa vidole hivyo. Kwa ngurumo ya injini maneno yasingesikika, nao hawakuyahitaji. Mtambo wenyewe ulirudi nyuma kila mara, minyororo yake ikikanyaga nyasi zisizoguswa bado, usikanyage hata mara moja sakafu uliyoisafisha.

Wakati wa chai nilimwuliza mzee anajuaje kwamba amefika. Alisema huhisi mkononi, kwenye wenzo wa bakuli: udongo wa kahawia huja kimya, changarawe iliyo chini yake hutetema. Akamaliza chai yake, akarudi kitini.

Changarawe hiyo ndiyo udongo wa asili, uliowekwa na maji na baridi ya zama za barafu kabla ya mtu yeyote kulima pale. Ilikuwa ya rangi ya haradali, imechanganyika na vipande vya gumegume. Ukishaufikia, kila kilichochimbwa na binadamu hujitokeza chenyewe. Aliyechimba shimo miaka elfu mbili iliyopita hakuweza kulijaza tena udongo ule ule kwa mpangilio ule ule. Liliingia majivu, taka za jikoni, tope la mvua. Shimo likafukika, mwenyewe akafa, doa likabaki.

Kwa mtu wa pwani jambo hili si geni. Nimekulia katika nyumba ya miti na udongo, na ninajua nguzo ikishaliwa na mchwa tundu lake hujaa udongo laini, mweusi kuliko jirani zake. Kwa kusoma madoa ya namna hiyo, wachimbuaji walioongozwa na Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, waliona kwamba chini ya msikiti wa mawe kulitangulia misikiti mingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Hapakuwa na ukuta wa kushika kwa mkono. Palikuwa na mashimo ya nguzo na watu waliokuwa na subira ya kuyahesabu.

Katika mtaro wa 7 kiganja kiliinuka na hakikushuka haraka. Mimi sikuona kitu. Kiongozi alinionyesha kwa ncha ya mwiko: ukanda wa kahawia, upana wa nusu meta hivi, ukitoka upande mmoja wa mtaro na kuingia upande wa pili. Jua lilikuwa kali na ardhi ilikuwa ikipauka. Kijana mmoja akaleta bomba la kunyunyizia maji la mgongoni, lile la wakulima, akalowesha sakafu kwa ukungu mwepesi. Rangi zikarudi. Ukanda ule ukawa wa chokoleti juu ya haradali, na sasa hata mimi niliona kwamba haukunyooka. Ulipinda.

Wakapiga magoti wawili na miko yao. Ni mwiko mdogo wa mwashi, wa inchi 4, bapa lake limefuliwa kwa kipande kimoja na shina, na wa kijana ulikuwa umelika hadi ukapungua upana. Hausukumwi, huvutwa kuelekea mwilini, makali yakilala karibu sawa na ardhi, na anayeuvuta hurudi nyuma kama anayedeki chumba, asikanyage alipokwisha kusafisha. Kila mvuto uliacha uso mmoja bila tundu. Walipofika katikati, mpaka wa doa ukawa wazi, na kijana akautia alama kwa misumari kabla jua halijaufuta tena.

Kiongozi aliusoma mpindo, akaunyoosha mkono hewani kufuata duara ambalo halikuonekana. Kama linaendelea hivyo, alisema, upana wake ni kama meta 10. Alidhani ni mchirizi uliozunguka nyumba ya duara ya Zama za Chuma, kabla ya Warumi kuja kutawala mwaka 43 BK: maji ya paa la nyasi yalidondokea humo. Nikamwambia nyumba hiyo sisi tunaiita msonge. Akalirudia neno mara mbili, akaliandika pembeni mwa fomu yake.

Hawakuufukua mchirizi wote. Huchaguliwa kipande cha meta 1 tu, kikafungwa kwa uzi ncha zote mbili. Kijana alianza na kilichoingia mwisho, maana shimo husomwa kutoka mwisho wa habari kwenda mwanzo. Sululu ndogo kwa tabaka la juu, baadaye mwiko. Pembeni mwa doa alikwenda taratibu zaidi. Anapofika ukingo wa kale, udongo uliojaza huachia na kubanduka wenyewe, na mwiko hubadili sauti: juu ya ujazo hunong'ona, juu ya changarawe hukwaruza. Akisikia mkwaruzo husimama. Aking'ang'ania sentimeta mbili zaidi atakuwa amechimba shimo lake mwenyewe na kulisingizia la wahenga.

Vigae vilitoka vinne, vyeusi, vyenye chembe nyeupe za makombe yaliyosagwa na mfinyanzi ili chungu kisipasuke motoni. Kila kimoja kiliingia kwenye mfuko wenye namba ya tabaka lake. Mfupa wa mnyama ukafuata, kisha udongo mweusi wa chini ukajazwa kwenye ndoo, lita 40, uende kuoshwa ndani ya maji: punje za nafaka zilizoungua huelea, zikanaswa na chujio. Chakula cha nyumba ile kinaweza kujulikana kwa punje mpishi alizoziunguza.

Baadaye ukaja ule ukuta mdogo ulioachwa wima mwishoni mwa kipande kilichochimbwa. Kijana aliunyoosha kwa mwiko kutoka juu kwenda chini, akapuliza vumbi, akaweka kipimo chenye milia myekundu na myeupe, akapiga picha. Akakaza uzi kati ya misumari miwili, akauweka sawa kwa pima-maji. Akapima chini ya uzi kila baada ya sentimeta 10 na kuchora kwenye karatasi ya plastiki isiyolowa, sentimeta 1 ya mchoro kwa sentimeta 10 za ardhi. Namba moja kwa tendo la kuchimba, namba nyingine kwa kila udongo uliojaza. Ili aandike aina ya udongo alichukua donge, akalitia mate, akaliviringisha kati ya vidole. Likifanya uzi unaopinda bila kukatika, ni udongo wa mfinyanzi. Likimomonyoka, ni mchanga. Hili lilikatika katikati. Akaliviringisha tena kwa hakika, likakatika tena, akaandika.

Mchoro ule ulichukua zaidi ya saa nzima. Shimo lenyewe lilikuwa na kina kisichozidi goti langu.

Ningependa kuandika kwamba mitaro yote ilikuwa hivyo. Mtaro wa 11 ulitoa vipande vya mabomba ya vigae ya kukaushia shamba. Mitaro mitatu ilikuwa na mistari mipana iliyofifia, mifereji ya kati ya matuta ya wakulima wa zama za kati. Katika wa 14 palikuwa na doa kubwa la nusu mwezi lililonisisimua, na kijana akatabasamu kabla ya kulichimba: mti ulioanguka zamani na kung'oa mizizi yake. Alilichimba hata hivyo, nusu yake, ili aliyeamini ni mti awe ameona kwamba ni mti. Iliyosalia, mingi kuliko yote, haikuwa na kitu.

Hapo ndipo nilipowaheshimu zaidi. Mtaro wa 20 ulikuwa haradali tupu kutoka mwisho hadi mwisho. Ulikwanguliwa kwa mkwaruzo uleule, ukatembelewa na kifaa cha kunasa metali juu ya malundo yake, ukapimwa kina ncha zote mbili, ukapigwa picha na kipimo chake cha milia, ukachorwa ukuta wake na kuandikiwa fomu. Katika nafasi ya maelezo kijana aliandika kwamba hakuna dalili ya kazi ya binadamu, akaweka tarehe. Utupu huo nao utatumika: kwa sababu yake, mtu ataweza kuchimba msingi hapo bila kusubiri, na nguvu zote zikaelekezwa upande wa mtaro wa 7.

Mwanaakiolojia wa halmashauri alikuja akiwa na viatu vya mpira. Alitembea mitaro yote 20, akashuka katika baadhi, akakaa muda mrefu zaidi kwenye mpindo. Aliuliza maswali mafupi, akajibiwa kwa michoro. Kuzunguka nyumba ile ya duara, alisema, eneo litafunguliwa lote kabla ya kujengwa.

Mzee alipanda mtambo wake. Juu ya mchirizi walikuwa wametandika kitambaa cheupe, ili watakaorudi wajue walipoishia. Alimwaga kwanza udongo wa kahawia wa lundo la kulia, kidogo kidogo, akiukandamiza kwa mgongo wa bakuli. Ndipo akaugeuza mkono wa mtambo kushoto, kwenye udongo mweusi wenye mizizi ya nyasi.