Fani ya Ukimya: Kompyuta ya Sebuleni katika Nyumba za Tanga

Taarabu ya Tanga ni muziki wa wapigaji wachache. Black Star na baadaye Lucky Star, vikundi vilivyoufanya mji huu usikike pwani nzima miaka ya 1970, havikufuata safu ndefu za fidla na ganuni za vikundi kama Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa 1905. Vilichukua magitaa ya umeme, besi na ngoma, na kuiachia sauti ya mwimbaji kama Shakila Saidi uwanja mpana. Ukizisikiliza rekodi zao kwa makini, zikiwemo zilizotolewa Uingereza mwaka 1989 kwa jina la Nyota, utagundua kwamba sehemu kubwa ya utamu imekaa pale ambapo hakuna anayepiga chochote. Pengo kati ya gitaa na ubeti unaofuata limetungwa kama ubeti wenyewe.

Anayetaka kompyuta ya muziki na filamu sebuleni, iliyounganishwa na TV na sabufa, anapaswa kuyalinda mapengo hayo. Dukani ataulizwa kwanza habari za prosesa na ram. Mimi ningeanza na kasha na feni, kwa sababu fani ya mashine hii iko hapo. Maudhui, yaani kufungua filamu na kuzicheza bila kukwama, karibu kila kompyuta ya miaka ya karibuni inayamudu.

Tuisome feni, basi. Feni ndogo yenye mapanga saba, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hukata hewa mara 233 kila sekunde. Hiyo ni noti kamili. Iko juu ya nyuzi nne za gitaa la besi zikipigwa wazi, na ndani kabisa ya eneo la sauti ya mwanamke anayeimba. Mashine inaimba pamoja na Shakila, noti moja, bila kupumua. Feni hiyo hiyo ikishushwa hadi mizunguko 600, mapigo yanakuwa 70 kwa sekunde, chini huko ambako sikio letu si jepesi kukamata sauti hafifu. Kelele nayo hupungua haraka kuliko mwendo: kwa kanuni wanayoitumia wahandisi, kupunguza mwendo kwa nusu hushusha kelele kwa desibeli kama 15, na desibeli 10 tu zinatosha sikio kuhisi kwamba kelele imebaki nusu.

Tatizo ni kwamba feni ya polepole hupitisha hewa kidogo, na dawa yake ni upana. Pangaboi la darini linafanya hivyo kila siku: mapanga marefu, mwendo mdogo, upepo mwingi, na hakuna mlio mwembamba. Feni ya milimita 120 huifuata kanuni hiyo. Ya milimita 60 haiwezi, hata ikitengenezwa kwa ustadi gani. Wapo wanaosema kwamba pangaboi likishawashwa hakuna atakayeisikia kompyuta. Sikubaliani nao. Uvumi wa pangaboi ni mpana, umetawanyika chumba kizima, na baada ya dakika chache sikio huusahau. Mlio wenye noti sikio huufuata, hasa ukipanda na kushuka.

Kupanda na kushuka huko ndiko udhaifu wa kompyuta ndogo kabisa za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika. Chukua Dell OptiPlex 7050 Micro ya 2017. Kasha lake lina upana wa sentimita 18 hivi kila upande na unene usiofika 4, na limebuniwa lijifiche nyuma ya skrini. Sehemu kubwa ya utunzi wake ni nzuri. Umeme unapoozwa nje ya kasha kwa adapta kama ya laptop, hivyo joto hilo haliingii ndani kabisa. Prosesa zake zenye herufi T mwishoni zimewekewa kiwango cha wati 35. Zile za kizazi cha saba cha Intel zina sakiti maalumu za kufungua video za miundo ya HEVC ya biti 10 na VP9, kwa hiyo filamu ya 4K hupita prosesa ikiwa karibu imelala. Feni, hata hivyo, imebanwa. Chumba kikipata joto la Februari, au mtu akifungua kurasa nzito za intaneti, inaamka, inalia, inatulia, kisha inaamka tena. Waliolibuni kasha hili walitanguliza udogo, na bei ya udogo ikalipwa na masikio.

Ndugu yake mkubwa, 7050 ya kasha la SFF, ana sura ya sanduku la karani na wengi humpita dukani. Mimi namchagua. Ana feni pana zaidi na nafasi ya hewa kupita, ingawa pawa saplai yake ina feni yake ndogo inayostahili kusikilizwa kabla ya kulipa. Halafu kuna jambo la wakati: Microsoft ilisitisha msaada wa bure wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Kwa hiyo ofisi zina sababu ya kuziondoa mashine hizi. Sebule haipotezi kitu. LibreELEC, mfumo mwepesi unaowasha moja kwa moja Kodi, programu ya kuchezea muziki na filamu, hauna haja na Windows.

Kuna fani nyingine, isiyo na feni kabisa: vikasha vyenye prosesa ya Intel N100 ya 2023, wati 6, inayofungua hata video za AV1, na bati la kasha lenyewe ndilo linalotoa joto. Ukimya wake ni kamili. Lakini kasha linalopanda nyuzi 35 juu ya joto la chumba litafika 55 katika chumba cha London chenye nyuzi 20, na 67 katika chumba cha Tanga chenye nyuzi 32 wakati wa kaskazi. Ukiliweka ndani ya kabati la TV lililofungwa, au ukalitandikia kitambaa cha kufuma juu, umeifuta fani yake yote. Liwekwe kwenye rafu ya wazi. Hata hivyo, kwa nyumba za Raskazone na za ufukweni Pangani ningelichukua hili, maana feni huvuta hewa ya chumvi siku nzima kuipitisha kwenye maungio ya shaba, na kutu huanzia hapo. Ngamiani, mbali kidogo na maji, SFF inatosha.

Ram ya GB 8 inatosha. Diski ya mfumo iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Filamu zikikaa kwenye diski kubwa ya kuzunguka, iwekwe juu ya kipande cha sponji, kwani mtetemo wake hugeuza rafu ya mbao kuwa spika. Mashine inayotumia wati kama 15 tu pia inaweza kulindwa na UPS ndogo isiyo na feni umeme unapokatika.

Makasha yenye kioo mbele na feni tatu za taa za rangi siwezi kuyatetea. Kioo kinaziba mdomo wa hewa, feni zinalazimika kukimbia, na taa zinamwagikia skrini hasa katika matukio ya usiku ambayo mpiga picha aliyahangaikia. Fedha hiyo inunue SSD nzuri, na itakayobaki iende kwenye spika.