Jedwali Limepotea, au Umelitafuta Pasipo Pake?

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, kijana anayetunza mifumo ya chama kimoja cha akiba na mikopo alinipigia simu, sauti inamtetemeka. "Kaka, majedwali yote yameyeyuka."

Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wamehamisha kanzidata yao ya PostgreSQL kwenda kwenye seva mpya. Asubuhi akafungua DBeaver, akaunganisha, akapanua tawi la majedwali. Tupu. Alikuwa ameshaliweka tayari faili la nakala rudufu, imebaki kubonyeza tu.

Nikamuuliza, "Dirishani wateja wanahudumiwa?"

Akanyamaza kidogo, akachungulia. "Wanahudumiwa. Kuna mama anapewa risiti ya marejesho sasa hivi."

"Basi liache hilo faili, tuzungumze."

Risiti ya yule mama ilikuwa imetoka kwenye jedwali fulani, mahali fulani. Kama kijana angerejesha nakala ya jana kwa chaguo la kufuta vilivyopo kwanza, malipo yote ya asubuhi ile yangekwenda na maji. Lakini risiti peke yake haikutosha kuwa ushahidi, kwani huenda mfumo wa dirishani ulikuwa bado unaongea na seva ya zamani. Ilibidi tuulize kwa utaratibu.

Wengi wetu tunakosea hapa. Ule mti wa matawi ulio kushoto mwa skrini tunauchukulia kama mlango wa kioo, kwamba kilichomo ndani lazima kionekane. Sivyo. Iwe DBeaver, pgAdmin, MySQL Workbench au SSMS, unapopanua tawi programu hutuma swali kwa katalogi ya seva, yaani yale majedwali ya ndani yanayoorodhesha vitu vingine vyote. Ikijibiwa, inachora jibu hilo na kulihifadhi kwenye kumbukumbu yake. Kwa hiyo tawi likiwa tupu, maana yake ni kwamba swali limepata jibu tupu, basi. Huenda limeulizwa pasipo pake, au kwa jina la mtumiaji asiyestahili kujibiwa, au jibu limechujwa, au ni jibu la jana.

Tulianza na mahali. Nilimwambia afungue dirisha la kuandikia SQL aandike mstari huu:

SELECT inet_server_addr(), inet_server_port(), current_database(), current_user;

Anwani ilikuwa ya seva mpya, na ililingana na iliyoandikwa kwenye faili la mipangilio la mfumo wa dirishani. Afadhali. Ila kwenye jina la kanzidata palisomeka "postgres". Mchawi wa kwanza akawa amekamatwa. Kwenye PostgreSQL, muunganisho mmoja ni wa kanzidata moja, na ya jirani huioni. Ile iitwayo postgres huundwa wakati wa usakinishaji ili msimamizi apate pa kufikia, na kwa kawaida haina kitu cha mtumiaji. DBeaver huijaza yenyewe kwenye fomu ya muunganisho mpya, kisha hukuonyesha hiyo tu mpaka uweke alama kwenye chaguo la kuonyesha kanzidata zote. Kijana alibadilisha jina, akaunganisha upya, akapanua skima ya public. Tupu tena! Nikamwambia apande juu kidogo aangalie skima nyingine. Kwenye skima iitwayo mikopo majedwali yalikuwa yamejipanga.

Mambo mawili madogo tuliyamaliza upesi. Kichujio: programu hizi huruhusu kuchuja majina, na aliyechuja mwezi uliopita husahau. Kuhuisha: jedwali lililoundwa na mwenzako dakika mbili zilizopita halitajichora kwenye mti wako mpaka uagize tawi lisomwe upya. Tena, kama mwenzako aliliunda ndani ya muamala ambao hajauthibitisha, PostgreSQL haitamwonyesha mtu mwingine yeyote, hata uhuishe mara mia.

Kisha ikaja shida ya pili. "Kaka, jedwali la Marejesho naliona kabisa, lakini nikiliuliza seva inasema halipo." Alikuwa ameandika SELECT * FROM Marejesho. Jina lisipofungwa kwa alama za kunukuu, PostgreSQL hulishusha lote kuwa herufi ndogo, kwa hiyo seva ilikwenda kutafuta "marejesho". Jedwali lenyewe liliwahi kuundwa kwa kubofya kwenye programu ya michoro, ikalihifadhi na M kubwa kama lilivyoandikwa. Zaidi ya hapo, jina lisilotajiwa skima hutafutwa kwenye njia ya utafutaji tu, ambayo kwa kawaida ina skima yenye jina la mtumiaji, kama ipo, na public. Skima ya mikopo haikuwemo. Alipoandika mikopo."Marejesho", safu zikamiminika.

Njia hiyo ya utafutaji ina mitego miwili inayopoteza watu muda. Wa kwanza: tangu 2018, kufuatia marekebisho ya usalama, faili linalotolewa na pg_dump, zana ya nakala rudufu, huanza kwa kuiacha njia hiyo tupu. Ukiliendesha faili hilo ndani ya dirisha lako la SQL, kikao chako kinabaki bila njia, na kila jina usilolitajia skima litaambiwa halipo. Funga kikao, fungua kingine. Wa pili ni wa ruhusa. Skima usiyo na haki ya kuitumia hurukwa kimyakimya kwenye njia hiyo, kwa hiyo badala ya kuambiwa umekatazwa unaambiwa kitu hakipo. Taja skima waziwazi ndipo seva itakapokiri kwamba tatizo ni ruhusa.

Shida iliyobaki ndiyo iliyokula muda: mionekano, yaani maswali yaliyohifadhiwa kwa jina ili yasomwe kama majedwali. Chama kilikuwa nayo miwili, muhtasari_wa_mwezi na wadaiwa_sugu. Kijana aliitafuta kwenye information_schema.tables, asiione hata mmoja. Nikamwambia aachane na information_schema. Orodha hiyo hufuata kiwango cha SQL, hukuonyesha vitu ulivyo na haki navyo tu, na mionekano iliyohifadhiwa pamoja na data yake haimo kabisa, kwa kuwa kiwango hakiitambui. Tukaenda kwenye katalogi yenyewe:

SELECT n.nspname, c.relname, c.relkind FROM pg_class c JOIN pg_namespace n ON n.oid = c.relnamespace WHERE n.nspname = 'mikopo';

Safuwima ya relkind ndiyo inayosema ukweli: r ni jedwali, v ni mwonekano wa kawaida, m ni mwonekano wenye data yake. Muhtasari_wa_mwezi ukajitokeza na herufi m. Kwenye mti ulikuwa na tawi lake peke yake, chini kuliko alipokuwa akiangalia. Wadaiwa_sugu haukuwemo.

"Jana usiku mlifuta jedwali lolote?" nikauliza.

Walifuta. Data ya wadhamini iligoma kuingia, wakaamua kulifuta jedwali na kuliunda upya. Seva ilikataa kwa sababu kuna mwonekano unaolitegemea. Wakaongeza neno CASCADE, ikakubali. Ilipokubali ilitamka kwamba inafuta na mwonekano, lakini tamko hilo liliandikwa kwenye kidirisha cha ujumbe chini ya skrini, na saa nane za usiku hakuna anayesoma huko.

Dawa ilikuwa rahisi kwa sababu seva ya zamani ilikuwa bado inawaka. Kule akaendesha pg_get_viewdef, akapata maelezo ya mwonekano, mistari isiyofika ishirini, akauunda upya kwenye seva mpya. Nikamkumbusha pia ruhusa: kitu kikifutwa, haki zilizotolewa juu yake hufutika nacho, kwa hiyo afisa mikopo alihitaji kupewa tena.

Ukitumia seva nyingine, mchezo ni uleule kwa sheria tofauti kidogo. MySQL hukuorodheshea vile tu ulivyo na haki navyo. Asiyekuwepo na lake halipo, na kwa MySQL asiye na ruhusa ni kama hayupo. Herufi kubwa na ndogo za majina ya majedwali kule huheshimiwa kwenye Linux na kupuuzwa kwenye Windows, usipobadilisha mipangilio. SQL Server nayo, tangu toleo la 2005, huficha kwenye katalogi vitu usivyohusika navyo, na wengi hujikuta wametua kwenye kanzidata ya master bila kujua. Oracle hugeuza majina yasiyonukuliwa kuwa herufi kubwa, kinyume cha PostgreSQL, na ina orodha tatu: USER_TABLES ya vyako, ALL_TABLES ya unavyoruhusiwa, DBA_TABLES ya vyote.

Hukumu yangu ni hii. Kati ya vyote vilivyosemekana kuyeyuka asubuhi ile, kilichopotea kweli ni kimoja, nacho hakikubeba hata safu moja ya data. Hatari kubwa ilikuwa ile tiba iliyokuwa tayari kubonyezwa. Kwa hiyo wewe unayetunza kanzidata ya watu, nakili ule mstari wa kwanza uubandike karibu na skrini. Jua kwanza uko seva gani, kanzidata gani, na kwa jina la nani. Ukishajua, iulize katalogi.

Tulikata simu saa nne na robo. Nakala rudufu haikuguswa.