Mpiga Klarineti Hupimwa Kooni

Inaudhi kuona mpulizaji wa jazi akishangiliwa kwa sababu tu amekimbilia noti za juu kabisa na kung'ang'ania hukohuko. Juu hakuna siri: utete mgumu, pumzi ya kutosha, maikrofoni iliyotiwa mwangwi, kazi imekwisha. Mpiga klarineti hupimwa katikati, anapotoka kwenye noti za koo, zile nne za mwisho wa sauti ya chini, kuingia sauti ya pili, na hapo ndipo msikilizaji mgeni hasikilizi kabisa.

Tazama vidole. Kwenye A ya koo karibu matundu yote yako wazi, hewa inatembea kipande kifupi tu cha bomba, na sauti hutoka nyembamba, kama ya mtu mwenye mafua. B inayofuata inataka karibu matundu yote yazibwe kwa mpigo mmoja. Kidole kimoja kikichelewa, ala inapiga ukelele. Fundi huwa ameshatuliza vidole vya mkono wa kulia juu ya matundu angali kooni, hivyo noti inanenepa na mkono unabaki na kazi ndogo. Laghai huchagua ufunguo unaomwepusha na sehemu hiyo, au huiparamia kwa mserereko. Saksofoni haina taabu hii, maana ikipanda oktava hurudia vidole vilevile. Klarineti huruka hadi noti ya kumi na mbili, na vidole vinabadilika. Ndiyo maana bebop, mtindo wa jazi wa miaka ya 1940 wenye mistari ya kasi inayopita kila ufunguo, uliwaacha nyuma wapiga klarineti wengi. Mpiga klarineti Buddy DeFranco hakuachwa. Mwenzake Benny Goodman, kiongozi wa okestra, naye akiwa na jina kubwa na umri wa karibu miaka 40, alikwenda kwa Reginald Kell, mpulizaji wa muziki wa klasiki kutoka Uingereza, akafundishwa upya namna ya kushika ala mdomoni. Siku hizo mabingwa hawakuona haya kufundishwa.

Kwa kipimo hiki cha noti za koo, Rolf Kühn, mpiga klarineti wa jazi kutoka Ujerumani, anasimama juu. Alizaliwa Köln mwaka 1929, akakulia Leipzig, akaenda Marekani mwaka 1956 na kupiga katika okestra ya Goodman. Katika albamu ya Solarius, iliyorekodiwa Berlin Mashariki mwaka 1964 pamoja na mdogo wake Joachim kwenye piano, mistari yake inapita kooni bila kuchagua njia. Wapo watakaosema huu ni ufundi wa vidole tu, na jazi ni roho. Lakini mpulizaji anayekwepa noti nne za katikati husema kile tu vidole vinachomruhusu, na roho ya namna hiyo imefungwa kamba. Wengine watasema uzee ulimpunguzia kasi. Ni kweli albamu yake ya Yellow + Blue ya 2018, alipokuwa na miaka 88, haina mbio. Ila mwendo wa polepole ndio unaoianika noti ya koo, maana hakuna pa kuificha, na yake bado ni nene na imetulia. Tena haitetemeshi ovyo mwishoni, na klarineti ya jazi haipaswi kutetemeshwa hivyo.

Kühn alifariki Berlin mwaka 2022 akiwa na miaka 92. Anayetaka kujifunza kusikiliza aanze na Solarius, kisha aweke Yellow + Blue, na noti za juu aziache zipite.