Kuhesabu Siko Kusikia

Mradi wa CompMusic, ulioanzishwa Barcelona mwaka 2011, uliifunza kompyuta kutambua mizunguko ya mapigo katika muziki wa India Kaskazini. Jitihada hiyo twaisifu. Hata hivyo tuna la kusema. Mzunguko wa tintali una mapigo 16 katika mafungu manne. Katika mpigo wake wa msingi, tangu pigo la 10 hadi la 13, sauti nzito ya tabla hunyamaza, na msikilizaji huijua njia kwa ukimya huo. Mashine isakayo vishindo tu itapotea. Nasi walimu wa Midia tujihadhari: mwanafunzi ahesabuye mizani 16 za mshororo, asisikie kituo baada ya ya 8 wala vina, amehesabu, shairi hajalisoma.