Mkeka wa Kikoneni na Chumba cha Mjini

Mkeka mzuri hautambuliwi kwa uso wake. Ugeuze. Juu kuna rangi na nakshi, na rangi hulaghai macho upesi. Mgongoni ndipo yalipo maungio, ncha za chane zilizochomekwa, na mahali ambapo mkono wa msukaji ulilegea au haukulegea. Pitisha kiganja polepole. Kama hakuna kinachochoma, na kama mishono inakwenda sambamba kutoka pindo hadi pindo bila kuyumba, basi umeshika kazi ya mtu anayejua anachokifanya.

Mikeka ya namna hiyo bado hutoka Kikoneni na vijiji vinavyoizunguka, bara kidogo ya pwani ya kusini, upande wa Lunga Lunga katika kaunti ya Kwale. Ni nchi ya Wadigo kwa asili, wakiishi na Waduruma na Wakamba. Nchi ya mahindi, mihogo, minazi na mikorosho. Fukwe na hoteli za Diani ziko mbali na hapa. Kusuka huku hakuna karakana wala saa za kuingia na kutoka kazini. Ni shughuli ya wanawake, alasiri, shamba likishaachwa na chakula cha jioni hakijainjikwa, wamekaa kivulini miguu imenyooshwa mbele, mazungumzo yanaendelea na vidole havisimami.

Kazi huanza bondeni. Mkindu, ambao makuti yake ndiyo ukindu wa kusukia, hupenda mahali penye maji, kando ya vijito na penye tope, na kinachotakiwa ni kuti changa la katikati ambalo halijachanua. Likishachanua hugeuka kijani, likakakamaa, halifai tena. Mkataji mwenye adabu huchukua kuti moja akauacha mti uendelee. Anayekata mpaka moyo huua shina zima, na mabonde yanayozidi kulimwa hayana mikindu ya kupoteza. Mahali pakavu zaidi hutumika miyaa, majani ya mkoma, ambayo ni magumu na yanafaa zaidi kwa majamvi, vikapu na kamba. Kwa mkeka wa kulalia, ukindu hauna mpinzani.

Makuti huanikwa siku kadhaa. Jua la mchana na umande wa usiku huyapausha mpaka yawe na weupe wa maziwa. Kisha yanachanwa, na kwa maoni yangu hapa ndipo hatima ya mkeka inapoamuliwa, ingawa wanunuzi wengi hawajui. Kila jani hupasuliwa kwa ukucha au kwa ncha ya sindano, kingo ngumu zikatupwa, zikabaki chane za upana mmoja. Zikitofautiana kidogo tu, ukili, yaani utepe unaosukwa kwa chane hizo, utavuta upande, na ukili uliovuta upande haunyooki hata ukaliwe mwaka mzima. Nimemtazama bibi mmoja akichana huku anazungumza na mjukuu wake, macho hayako kwenye kazi kabisa. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umechongeka ubavuni kwa miaka ya kupitisha jani palepale, na chane zilizokuwa zikianguka mapajani mwake ungedhani zimekatwa na mashine.

Zinazotiwa rangi huchemshwa. Zamani weusi ulitoka kwenye mdaa. Siku hizi ni rangi ya unga inayopimwa kwa kijiko dukani, ikamiminwa kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa tena. Zambarau, kijani, nyekundu ya kuiva. Zikishakauka, kusuka kunaanza, na bakuli la maji haliwi mbali, kwa sababu chane kavu huvunjika. Vidole huchovywa, vikasuka, vikachovywa tena. Chane ikikaribia kwisha, mpya huingizwa chini ya mwenzake, ikaenda nayo hatua chache, ndipo ya zamani ikaachwa. Fundi akifanya hivyo huwezi kupaona mahali penyewe hata ukiutafuta ukili kwa kidole.

Wingi wa kazi hauonekani mpaka upigiwe hesabu. Ukili wa vidole vitatu una upana wa sentimita 5 hivi. Mkeka wa kulalia watu wawili, wa mita 2 kwa mita 1 na nusu, unahitaji safu 30 za ukili huo, kila safu mita 2. Hizo ni mita 60 zilizopita vidoleni kabla sindano haijagusa chochote, na pindo la kuzunguka bado halijahesabiwa. Halafu inakuja shazia, ile sindano ndefu, na kuunga safu na safu. Nakshi iliyosukwa kwenye safu moja lazima ikutane na nakshi ya safu ya pili palepale inapotakiwa. Kwa hiyo msukaji alikuwa ameshauona mkeka mzima tangu alipokuwa akisuka mita ya kwanza, bila mchoro wala karatasi. Ndiyo sababu nasema kwamba anayeuita mkeka kazi ndogo hajawahi kuusogelea.

Mkeka huu si pambo la nyumba tu. Ndio unaokifanya chumba kiwe chumba. Nyumba ya udongo ya Kikoneni, yenye fito zilizokandikwa na makuti au mabati juu, haina vitu vingi ndani: kitanda cha kamba, sanduku, mtungi, uchaga wa mahindi juu ya moshi wa jiko. Sakafu ni udongo uliosawazishwa na kufagiliwa. Ukitandikwa mkeka ukumbini, ukumbi ni wa wageni. Ukikunjwa na kusimamishwa pembeni, mahali hapohapo panapukuchuliwa mahindi. Usiku watoto wanaulalia. Arusi ikija, unatandikwa. Matanga yakija, waliofiwa wanaukalia siku zote za msiba. Mahali pamoja, kazi tano, na kinachobadilisha kazi ni mtu mmoja kuinama na kutandika.

Mazoea hayo ni ya zamani katika pwani yote, vijijini na mijini. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona kwamba anayeingia msikitini huosha miguu kwanza, na mlangoni pana mkeka mzito wa kujifutia. Karne nyingi baadaye, katika nyumba za mawe za Lamu, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko ambazo hazivuki salama zaidi ya mita 3 hivi. Tajiri alikuwa na zidaka ukutani, vyombo vya China ndani ya zidaka, na kiti cha enzi kwa mgeni mkubwa. Hata hivyo watu wa nyumba walikaa chini, mikekani, na upana wa chumba uliwafaa. Japani walifika mbali zaidi: huko mkeka wa tatami ndio kipimo chenyewe, na mpaka leo watu hutaja ukubwa wa chumba kwa idadi ya mikeka inayoenea ndani yake.

Mji wa kisasa ulipokua, mkeka ulikuwa na kazi tayari. Mtaa wa Majengo wa Mombasa, na mitaa mingine iliyofuata mfano wake, ilijaa nyumba za korido katikati na vyumba huku na huku, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Mara nyingi mwenye nyumba hakuwa mwenye ardhi. Alilipia kiwanja, akapangisha vyumba kimoja kimoja, na katika chumba kimoja ikaishi familia. Kijana wa Kwale aliyepata kibarua bandarini Kilindini alishuka na mkeka uliofungwa kamba, akavuka feri Likoni nao, akafika katika chumba cha futi 10 kwa 10. Kwa mkeka huo na pazia la leso chumba kimoja kiligawika: huku wakubwa, huku watoto, asubuhi kila kitu kimekunjwa na mlango uko wazi kwa jirani.

Sasa chumba kilekile kina seti ya makochi. Nayasema haya kwa uchungu, maana nimeingia katika vyumba vingi ambako makochi matatu na meza ya kioo vimemeza sakafu yote, mtoto hana pa kutambaa na mgeni wa nne anasimama mlangoni. Kochi lina heshima yake mjini, na najua kwa nini mtu aliyejinyima miaka miwili kulinunua hataki kusikia habari ya kukaa chini. Lakini kochi linakipa chumba kazi moja tu, mchana na usiku, na chumba cha mjini hakina nafasi ya kufanya kazi moja.

Mikeka ya plastiki imeingia pia, na ni rahisi kuona kwa nini: bei nafuu, huoshwa kwa maji na sabuni, rangi zinang'aa. Wakati wa joto, mtu anayelala juu yake huamka amelowa mgongo. Ukindu hupitisha hewa, na huo mgongo mkavu alfajiri ni sehemu ya ufundi sawasawa na nakshi. Huko Diani baadhi ya wenye majumba hutandaza majamvi chini ya makuti yawe dari, na wageni hununua vipande vidogo vya kuwekea sahani. Hiyo ni riziki halali kwa wasukaji. Hata hivyo kazi kamili, ile ya mita 60, inahitaji mtu atakayeulalia mkeka.

Basi anayeutaka aagize mwenyewe, asisubiri kuuona sokoni. Aende na vipimo vya chumba chake, na ajiandae kwa maswali, kwa sababu msukaji wa Kikoneni hauzi mkeka bila kujua unakwenda wapi. Atauliza, "Mwanangu, mlango wako wafungukia ndani ama nje?" Ukifungukia ndani, atapunguza safu mbili au tatu ili ubao usiukwaruze pindo. Atauliza wanalala wangapi, na kama sakafu ni ya saruji, maana saruji hula mkeka haraka kuliko udongo na pindo litahitaji kusukwa nene zaidi. Malipo ya kwanza hutolewa hapo, ili ukindu ukakatwe. Na mkeka ukiwa umetumika miaka kadhaa na safu ya kati imekatika, hautupwi: urudishwe kwake, ataifumua safu hiyo peke yake, aunge nyingine.